Mawe ya Ilalo

Ilalo, kwa njia ya stesheni ya Urambo
9 Mei 1938

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na Mama na mdogo wangu Kabula, pamoja na majirani wote wa Chemchem. Mgongo wako unaendeleaje? Tafadhali usiinue mbao peke yako, waite vijana wa karakana wakusaidie. Mimi huku sijambo, isipokuwa mbung'o, ambao hawajaambiwa kwamba mimi ni mwinjilisti.

Baba, nina habari ya kukufurahisha. Kanisa la Ilalo limesimama! Kuta zimekwisha, paa limeezekwa, bado mlango tu, na kwa sasa tumetundika mkeka. Mahali penyewe nimepachagua mimi. Ni palepale ilipopita njia ya zamani ya misafara, ile ya kutoka Ujiji kwenda Tabora. Tangu reli ije hakuna anayeifuata, lakini mpaka leo hapajaota mti juu yake, na ardhi ni ngumu utadhani imepigwa sakafu. Hatukung'oa hata kisiki kimoja.

Msingi nao niliupata bila taabu. Kando ya njia palikuwa na chungu ya mawe, kimo chake kinanifika kifuani. Kila mtu wa hapa anapopita huokota jiwe, huliweka juu ya chungu, kisha huenda zake bila kusema neno. Tena Wakristo wetu! Hata Mzee Ngollo, mzee wa kanisa, mwenye Biblia kwapani, nimemwona kwa macho yangu. Nikiuliza maana yake wananijibu kwamba ndivyo walivyowakuta wazee wao wakifanya. Nilihubiri juu ya ushirikina Jumapili mbili, na Jumatatu iliyofuata nikalibeba jiwe la kwanza mwenyewe. Hakuna aliyenisaidia mpaka jua likawa utosini. Ndipo akaja bibi mmoja aitwaye Tatu, akajitwika jiwe akanifuata, na wengine wakaona aibu wakaja. Kwa siku nne mawe yote yalikuwa ndani ya msingi.

Huyo bibi Tatu ndiye anayeninyima raha. Aliletwa na msafara akiwa msichana mdogo, akauzwa hapa kwa babu yake Mzee Ngollo. Serikali ilifuta utumwa miaka kumi na sita iliyopita, na Tatu alibatizwa mimi sijazaliwa. Lakini kanisani huketi mlangoni, chini, na binti zake wawili. Siku ya karamu ya upendo sisi tunaketi mkekani, tunakula mikate ya mchele na kunywa chai ya asali kama ndugu, na wao hungoja tumalize, kisha hupewa chao kwenye majani. Majani, Baba! Nilikasirika mpaka chai ikanipalia.

Basi nimemwahidi Mungu kwamba karamu ya mavuno, mwezi wa nane, Tatu ataketi mkekani na kula pamoja na watu wote. Sitagombana na mtu. Nitawafundisha habari za Yusufu alivyouzwa na nduguze, wiki baada ya wiki, mpaka wenyewe waone. Niombee.

Tena nakuomba mlango, kama mgongo utaruhusu. Mninga ndio mzuri.

Mwanao akupendaye,
Silasi


Chemchem, Tabora
20 Mei 1938

Mwanangu Silasi,

Marahaba. Sisi hatujambo, Mungu anatulinda. Mgongo ni uleule. Mama yako anakusalimu sana. Kabula ameposwa na watu wa Urambo, familia ya heshima, nao wameuliza juu ya ukoo wetu na wameridhika.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Yarudishe mawe. Usiulize ruhusa ya mtu wala usimweleze mtu sababu. Bomoa msingi kama ni lazima, jenga kwa matofali mabichi, na kila jiwe ulirudishe mahali ulipolitoa.

Juu ya yule bibi, mambo ya zamani yaache yalale. Wafundishe jinsi Bwana alivyoponya wagonjwa. Hilo halimuudhi mtu.

Mlango sitautengeneza.

Baba yako,
Masolwa


Ilalo
21 Juni 1938

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyote. Mpe Kabula hongera zangu, umwambie asijivune.

Baba, barua yako ilinichekesha kwanza, halafu ikanisikitisha. Wewe uliyenichapa kwa sababu nilifunga hirizi ya rafiki yangu mguuni, leo unaniambia nibomoe nyumba ya Mungu nirudishe chungu ya kipagani? Nadhani ni homa. Kunywa kwinini.

Hata hivyo lipo jambo nataka kukueleza, maana huku sina wa kumweleza. Kila Jumamosi binti za Tatu hufagia kanisa na kumwaga mchanga laini wa mtoni sakafuni, kusudi Jumapili pawe pasafi. Wiki tatu zilizopita, siku ya Jumamosi, niliingia saa saba mchana kutayarisha somo nikakuta mchanga umekanyagwa. Ni nyayo za watu wasio na viatu, wa mstari mmoja, kila wayo unakaribia kugusa wa mbele yake, na visigino vimezama sana kama vya watu waliobeba mizigo. Zimeingia mlangoni, zimepita katikati, zimefika ukutani nyuma ya mimbari. Hapo zinakwisha. Hakuna wayo hata mmoja uliogeuka.

Nikasema ni mzaha wa watu wa Mzee Ngollo. Jumamosi iliyopita nikafagia mwenyewe, nikamwaga mchanga mwenyewe, nikaketi mimbarini nikiutazama mlango. Jua lilikuwa kali, mkeka wa mlangoni umetulia, hakuna hata kuku. Nikainamisha macho kusoma mstari mmoja wa Mwanzo, mstari mmoja tu. Nilipoyainua, mchanga ulikuwa umekanyagwa hadi miguuni pangu.

Nilitoka mbio, sikufichi. Nilisimama juani, watu wanapita wananisalimu, nami nawaitikia kama mtu mwenye akili zake.

Somo nalo limeanza. Niliwasimulia jinsi nduguze Yusufu walivyomtupa shimoni, wakaketi kula, kisha wakauona msafara unakuja na ngamia wake. Mzee Ngollo akasimama, akasema kwa upole kabisa, "Mwalimu, Yusufu aliuzwa Misri. Hakuuzwa Ilalo. Tusomee habari za Nuhu." Watu wakacheka, nami nikacheka kidogo. Halafu akanikumbusha kwamba Paulo aliwaambia watumwa wawatii mabwana zao. Nikamjibu kwamba Paulo huyohuyo alimwandikia Filemoni ampokee Onesimo, si kama mtumwa tena, bali kama ndugu. Nikamuuliza, ndugu yako unamlisha kwenye majani? Alikaa chini akifuta miwani yake.

Tatu aliinua mkono kule mlangoni. Hajawahi kuuliza kitu. Akasema, "Huyo Yusufu, njiani walimpa maji?" Nilipekua kitabu, Baba. Hakuna palipoandikwa.

Nijibu upesi.

Mwanao,
Silasi


Ilalo
24 Julai 1938

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Ni mwezi mzima sasa sijapata neno lako. Nilimtuma mtu stesheni Urambo mara mbili, akarudi mikono mitupu. Kama unaumwa, mwambie Kabula aniandikie. Kama umenikasirikia, nisamehe kwa lile la kwinini.

Mambo hapa yamekuwa mabaya. Si Jumamosi peke yake tena. Jumapili iliyopita nilikuwa nasoma, watu wamejaa, jua la saa sita, na sote tulisikia. Kwanza kikohozi nje, kikavu, kisha kingine nyuma yake, na kingine, vikija kwa zamu. Halafu miguu juu ya mchanga, katikati yetu, pale tunapoacha njia baina ya wanaume na wanawake. Hatukuona kitu. Mtoto wa Mzee Ngollo aliyekuwa ametandaza miguu njiani aliikunja, kama unavyofanya mtu akitaka kupita. Walipofika ukutani wakasimama. Ile pumzi, Baba, ya mtu anayeshusha mzigo kichwani, unaijua? Niliisikia nyuma ya shingo yangu, mara nyingi, hata nikapoteza hesabu. Kisha kimya. Wamesimama nyuma yangu na mimi nina kitabu mkononi, na somo ni Yusufu.

Watu wanasema kosa ni la somo. Mzee Ngollo amesema akisikia tena jina la Yusufu atawaandikia wachungaji waniondoe. Nusu ya washarika hawaji.

Nikamwendea Tatu nyumbani kwake. Alikuwa anapepeta mtama, hata hakushangaa. Akasema, "Mwalimu, wanatafuta pa kupumzika. Zamani palikuwa na mawe."

Akanieleza. Msafara wao ulitoka ng'ambo ya ziwa, wamefungwa shingo kwa shingo. Karibu na hapa mwanamke mmoja aliishiwa nguvu akaanguka. Wasimamizi wakamfungua, si kwa huruma, ila asiwacheleweshe wengine, wakamwacha kando ya njia. Alikuwa bado hai. Watu wa Ilalo walitoka kuuza chakula kwa msafara, wakamwona, wakampita, maana kumpa maji mtumwa wa mtu kulikuwa kununua ugomvi na mwenye msafara. Siku ya pili Tatu aliuzwa hapa. Alipotumwa kuni akamkuta amekufa, na yeye alikuwa msichana wa miaka kumi, hana jembe la kuchimbia. Akaweka jiwe. Kesho yake akaweka jingine. Baadaye watu wa kijiji nao wakaanza kuweka, kila apitaye, bila kusemezana. Misafara ikaja mingine, wakaanguka wengine, na chungu ikakua. Basi ndiyo dini yao ya kipagani niliyoihubiri Jumapili mbili!

Nilimuuliza kwa nini basi alinisaidia kubeba. Akasema, "Ulisema unajenga nyumba ya Mungu. Nikaona labda humo watakaribishwa."

Baba, nililia mbele ya yule bibi.

Kuna jambo moja zaidi. Yule mwanamke wa kwanza alikuwa na mtoto wa kiume, wa miaka kama mitatu. Mpagazi mmoja Msukuma aliyekuwa amebeba pembe za ndovu alimwokota, akamkalisha juu ya mzigo wake akaenda naye. Tatu hajui kama mtoto alifika popote.

Karamu ni tarehe ishirini na nane mwezi ujao. Niambie nifanye nini. Nikiacha somo, Tatu atakula kwenye majani mpaka afe. Nikiendelea, sijui ni nani atakayebaki kanisani, mbali na hao walio nyuma yangu.

Mwanao,
Silasi


Chemchem, Tabora
6 Agosti 1938

Mwanangu Silasi,

Marahaba. Sikuumwa, wala sikukukasirikia. Nilikuwa sina ujasiri.

Mtoto alifika.

Mpagazi yule alimpeleka kwao Choma, akamwambia mkewe kwamba ni mtoto wao, akampa jina la Masolwa. Mpagazi huyo ndiye babu yako wa Choma, aliyenifundisha kuchunga ng'ombe na kunitengenezea filimbi. Alininong'oneza haya siku anakufa. Aliniambia mahali, Ilalo, na dalili yake, chungu ya mawe. Jina la mama hakulijua. Hakuna anayemuuliza mtumwa jina lake.

Nilikwenda mara moja, mwaka 1911, kabla ya reli, nimebeba vyombo vyangu vya useremala. Niliikuta ile chungu. Walikuwapo watu njiani, basi nikaweka jiwe kama mpita njia yeyote, nikaenda. Sikupiga magoti. Niliogopa wasije wakaniuliza.

Tangu hapo nimekuwa mtu mwenye ukoo. Mama yako hajui. Wakwe hawajui. Nimefundisha darasa la ubatizo hapa Tabora miaka thelathini, na kila tulipofika kwa Yusufu niliwaambia vijana wakasome nyumbani, mimi nikaendelea na Musa. Uliposema umeyabeba mawe nilitaka kukupiga. Kisha nikakumbuka kwamba wewe ndiye peke yako katika ukoo huu uliyemgusa mama yangu, hata kama ni kwa mawe yake tu.

Ukilisema hili Ilalo, litafika Urambo kabla ya barua yako kufika kwangu, na posa ya Kabula itarudishwa. Ujue hivyo. Nawe hutakuwa tena mwalimu anayewahurumia watumwa. Utakuwa mmoja wao, na nimeona jinsi watu wanavyobadilika macho. Usiposema, sijui utakifungua kile kitabu kwa mkono gani.

Mimi nimeshindwa miaka yote hii. Sina haki ya kukuamuru. Amua wewe.

Baba yako,
Masolwa


Ilalo
5 Septemba 1938

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nakuamkia kuliko siku zote.

Jumapili ya karamu watu walikuja wengi, maana karamu ni karamu. Mikate arobaini ilikuwa kwenye sinia, chai imeungwa asali, mkeka umetandikwa. Tatu na binti zake mlangoni, chini. Nilisoma Yusufu mpaka mwisho, pale anapowaambia nduguze, ni mimi. Nikafunga kitabu. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi mazuri, na yote yakanitoka. Nikasema tu, "Mwanamke wa kwanza kuachwa kwenye njia hii ni bibi yangu. Baba yangu ndiye yule mtoto." Kisha nikashuka mimbarini, nikapita mkekani bila kuketi, nikaenda mlangoni nikakaa chini karibu na Tatu. Baba, nilikuwa nimeahidi kumpandisha yeye. Sikujua kwamba mahali pangu palikuwa pale.

Mzee Ngollo aliniangalia, si kwa hasira. Ulisema kweli, macho hubadilika. Akachukua fimbo yake, akatuvuka akatoka, na watu wote wakamfuata mmoja mmoja. Wengine walikunja nguo wasiniguse. Baadaye mkewe alirudi, akasema amesahau mwavuli wake, akauokota, akasimama nao. Halafu akaketi nasi. Tukawa watano, na sinia la mikate arobaini.

Ndipo wakaja. Vikohozi nje, kisha miguu mlangoni, ikitupita karibu kabisa. Mke wa Mzee Ngollo alinishika mkono mpaka kucha zikaingia. Lakini hawakwenda ukutani. Tuliuona mkeka ukibonyea, hapa, na hapa, na pale, kama unavyobonyea watu wakiketi, mpaka mkeka wote ukawa umejaa na haukuwa na mtu.

Tatu akainuka. Akachukua birika, akamimina chai katika kila kikombe, taratibu, akasema, "Karibuni. Leo yapo maji." Akaja akaketi mkekani, katikati yao, akatuita. Tulikwenda. Palikuwa na baridi pale, mchana ule wa kiangazi. Tukasali, tukafumba macho, na sala yangu haikuwa ndefu. Tulipofumbua, sinia lilikuwa tupu, hata chembe, na vikombe vimekauka.

Sikuandikii haya ili uyaamini kwa neno langu tu. Mke wa Mzee Ngollo alikuwapo, na si mtu wa kusema uongo.

Tangu siku hiyo mchanga haujakanyagwa. Wachungaji wameniita nijieleze, na nadhani sitabaki hapa. Mzee Ngollo haniitikii salamu, lakini jana nilimwona kwa mbali amesimama ukutani kwa nje, mkono juu ya msingi.

Tulipokuwa tunaosha vikombe Tatu aliniuliza kama Baba yangu bado yu hai. Nikasema ndiyo. Akaniambia kwamba walifungwa mnyororo mmoja, yeye nyuma na mama yako mbele, siku arobaini. Alikuwa mrefu. Alikuwa akikuimbia wewe mgongoni hata walipomkataza. Aliitwa Ngalula.

Mwanao,
Silasi


Chemchem, Tabora
18 Septemba 1938

Mwanangu Silasi,

Marahaba, mwanangu, marahaba.

Posa imerudishwa. Kabula alilia siku mbili, na mama yako hakusema nami siku nne. Siku ya tano aliniletea uji karakanani akakaa mpaka nikaumaliza. Wachungaji wakikuondoa, njoo nyumbani, kitanda chako kipo.

Nilipoisoma barua yako nilifunga mlango wa karakana. Ilikuwa asubuhi, jua limeingia dirishani, na nje watoto walikuwa wanacheza. Nina zaidi ya miaka hamsini na sijapata kumwita mama yangu kwa jina. Nililijaribu kwanza kwa sauti ndogo, kisha nikaliita kama mtu anavyoita akifika nyumbani.

Aliitika, Silasi. Alikuwa karibu sana. Nami nikamwamkia, shikamoo.

Baba yako,
Masolwa wa Ngalula